Mininga Ikilala

Simu ilikuwa ndani ya mchele, mchele ulikuwa ndani ya sufuria, na sufuria ilikuwa mikononi mwa msichana aliyekuwa akipenya foleni ya Jumamosi mbele ya kibanda cha Ndaki, pale Mlabani.

"Samahani jamani, nina mgonjwa," alisema, na watu wakampisha wakidhani anapeleka uji hospitali.

Ndaki aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiichokonoa. Aliona gauni la kitenge cha manjano, nywele zimesukwa twende kilioni, na kucha zenye udongo mweusi. Joto la mwezi wa kumi lilikuwa limewachosha watu wote wa Ifakara, lakini huyu alionekana kama ndiyo kwanza ameamka.

"Imefanyaje?"

"Imetumbukia kwenye ndoo ya kumwagilia miche."

"Ukaifukia kwenye mchele."

"Si ndivyo wanavyosema?"

"Ndivyo. Mchele wa wapi?"

"Wa hapa hapa Kilombero."

"Basi umeharibu mchele mzuri bure."

Bi Salha, aliyeuza vitenge duka la pili, alicheka hadi mkasi ukamponyoka. "Fundi, tania wateja hivyo hivyo, utalala njaa."

Ndaki alipoifukua ile simu, alitoka na kitu kingine kilichodondoka humo kutoka kwenye mkoba wa msichana. Kilikuwa bapa na duara, kina ukingo mwembamba kama karatasi, na katikati kimeota miiba kama mgongo wa nungunungu.

"Na huyu mgonjwa wa pili ni nani?"

"Tunda la mninga. Mbegu iko ndani. Wewe si fundi wa kufungua vitu? Fungua."

Ndaki alichukua bisibisi yake ndogo kuliko zote. Mwiba ukamchoma kidoleni, damu ikachuruzika.

"Umemwahi," msichana alisema, akimpa kipande cha kitambaa. "Kwa kawaida yeye ndiye anayetoa damu. Ukimkwangua tu, utomvu unatoka mwekundu. Ndiyo maana watu wanamchuna magome kutengeneza dawa ya kuongeza damu. Wanamchuna kuzunguka shina lote, akifa wanatafuta mwingine. Sasa hivi shangazi yangu akitaka gome la kuuza sokoni, linatoka mbali sana."

"Kwa nini wasipande?"

"Swali zuri," alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri. "Simu nije kuichukua lini?"

"Keshokutwa. Hili tunda liache. Limenichokoza."

Siku mbili zile Ndaki hakuweza kumpigia, kwa sababu simu yenyewe ilikuwa mezani kwake, tumbo wazi. Alishughulika na tunda. Alilishika kwa kibanio, akalikata ukingo, akatafuta mshono wake kama anavyotafuta mshono wa simu ngeni. Msichana aliporudi, alikuta kwenye kifuniko cha soda mbegu moja ya kahawia, laini, nzima.

"Hukuijeruhi," alisema polepole. "Mimi nikizifungua, nusu yake huwa nazikata."

"Nikuulize jina, au nalo nilifungue kwa kibanio?"

"Valeria."

Valeria alikuwa binti wa Kipogoro, mzaliwa wa Ifakara. Alisomea misitu Morogoro, akarudi nyumbani na wazo moja: kila dawa ya mti inayouzwa sokoni iwe na mche wake kitaluni. Kitalu kilikuwa Katindiuka, nyuma ya nyumba ya mama yake. Ndaki alianza kwenda Jumapili mchana, na vifaa vyake vya simu mfukoni. Walikaa chini ya kivuli cha makuti, yeye akifungua matunda, Valeria akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kupandia, na mazungumzo yakipita katikati yao.

"Mwarobaini unaota hata ukiutukana," Valeria alisema. "Mlonge nao hauna makuu. Ila mninga una kiburi."

"Kama Wapogoro."

"Sisi tulikuwa tunaishi kwa amani hadi ninyi Wasukuma mlipotuletea ng'ombe."

"Ng'ombe ni wa kaka yangu, huko Michenga. Mimi nafuga simu."

Mvua zilipoanza, mininga ikachipua. Siku ile Valeria alimpigia alfajiri, anahema. "Baba watoto, njoo uone." Tangu hapo miche ile ikawa watoto. Kila jioni, wakimaliza kuambiana yote, mmoja alimuuliza mwenzake, "Watoto wazima?" na mwenzake akajibu, "Wazima, wanakusalimia." Waliahidiana kwamba masika yakiisha na mpunga ukivunwa, kaka yake Ndaki aende kwa mama yake Valeria na maneno rasmi.

Lakini mwezi wa saba mama aliitwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa macho, na Valeria akaenda naye. Ndaki akabaki na kitalu. Basi lilikuwa limekaribia Mikumi, mtandao unakuja na kupotea, Valeria alipokumbuka la mwisho akapiga simu.

"Mwarobaini maji asubuhi na jioni. Na mininga ikilala, usiisumbue, sawa? Ikilala we iache ila—" Simu ikakata.

Ndaki alikuwa amekulia Michenga, katikati ya mashamba ya mpunga. Mpunga ukilala, maana yake upepo umeulaza chini. Akajiambia: miche ikianguka, nisiisimamishe. Akawa anaingia kitaluni kila asubuhi kuangalia kama kuna ulioinama.

Hakuna ulioinama. Majani yaligeuka manjano, yakawa kahawia, yakapukutika. Akaongeza maji. Vishina vikakauka vikiwa vimesimama wima, ukikigusa kimoja kinavunjika kama njiti ya kiberiti. Ndaki alisimama mbele ya safu zile na ndoo mkononi. Alishasikia watu watakavyosema: mfugaji na miche, wapi na wapi?

Jioni ile alikuwa ameandaa maneno. Lakini Valeria alianza yeye, kwa sauti iliyochoka. Jicho la mama lilikuwa limevimba, upasuaji umeahirishwa.

"Nipe habari nzuri moja, mpenzi. Watoto wazima?"

Ndaki alitazama vijiti. "Wazima, mama watoto. Wanakusalimia."

Uongo wa kwanza ukizaliwa, huomba ndugu. Kesho yake alijibu hivyo hivyo, na keshokutwa. Mwishowe akakodi bajaji, akapakia viriba vyote vyenye vijiti, akavimwaga Michenga kando ya zizi la kaka yake. Kwenye kitalu kimoja cha barabarani akanunua miche ya mjohoro, kwa kuwa majani yake madogo yamepangika mawili mawili kama ya mninga. Akaipanga safu zile zile, akajipa moyo kwamba inafanana.

Valeria alirudi mwezi wa tisa, mama akiwa na miwani mipya. Alikuja kitaluni moja kwa moja kutoka stendi, bado kavaa sketi ya safari iliyojikunja. Alifika mlangoni akasimama.

"Ndaki. Ile mibichi ni nini?"

"Watoto wako."

"Mninga gani wa kijani mwezi wa tisa?"

Hakuwa amesogea hata hatua. Ndaki akayatazama majani yale yanayong'aa, akaelewa kwamba uzuri wake ndio uliomuumbua.

"Ilikufa," alisema. "Nilimwagilia, nikazidisha, sijui. Ilikufa yote."

"Haikufa. Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi. Mzizi unabaki chini unanenepa, mvua zikija unachipua upya. Miaka kadhaa unafanya hivyo, hadi mzizi utosheke. Nilikwambia inalala."

"Nilidhani kulala kama mpunga."

Mdomo wa Valeria ulicheza, kicheko kikataka kutoka, kikarudi. "Hilo ningelicheka mpaka uzeeni. Hata ungeiua kweli ningekusamehe. Lakini kila jioni nilikuuliza, Ndaki. Kila jioni ukanipa salamu za watu uliokwisha kuwatupa. Na mengine uliyoniambia kwenye simu hiyo hiyo, niyaweke wapi?"

Valeria akafunga mlango wa kitalu, na tangu siku hiyo simu yake ikawa inaita tu.

Ndaki alikwenda Michenga. Shemeji yake Kabula, mke wa kaka yake, alimkuta amepiga magoti kando ya zizi, anachambua samadi kwa mikono.

"Shem, unalilia kuni?"

"Naangalia kitu."

"Ng'ombe wamekanyaga sana hapo. Ungeniambia vina thamani ningevihamisha."

Ndaki alichukua kiriba kimoja, akakipasua kwa kisu chake cha kazi. Ndani ya udongo mkavu kulikuwa na mzizi mnene kama kidole, na pale ncha ya kisu ilipougusa, tone jekundu likatoka. Ndaki akakaa chini. Simu ikiletwa imezima, fundi hatamki kwamba imekufa kabla hajaifungua. Miche hii hakufungua hata mmoja.

Alirudi mjini na miche yote iliyobaki, akaipanga nyuma ya kibanda chake chini ya turubai. "Fundi sasa anafuga vijiti," Bi Salha alitangaza mtaa mzima. Kila jioni Ndaki alimwandikia Valeria ujumbe mmoja. Leo bado. Leo nimefungua mmoja, umeoza, kosa langu, maji yale. Leo sijui chochote. Leo bado. Valeria alisoma zote, alama za buluu zilionyesha, lakini hakujibu. Ndaki alijua kuwa hakuwa na haki ya kudai jibu, akaendelea kuandika.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikapiga mabati ya Mlabani kwa kishindo. Siku chache baadaye, Jumamosi, watu wamejazana kibandani wakikwepa matope, ikapenya sufuria.

"Samahani jamani, nina mgonjwa."

Gauni lilikuwa lile lile la manjano. Ndaki alifukua simu kwenye mchele. Ilikuwa kavu. Akaifungua, akapima betri, imejaa. Akabonyeza kitufe na kioo kikawaka mkononi mwake.

"Haijafa," alisema. "Imelala tu."

Mkasi wa Bi Salha ulinyamaza duka la pili.

"Watoto wazima?" Valeria aliuliza.

"Wengine walioza. Wengine ng'ombe waliwavunja mizizi. Mmoja mpaka leo simwelewi. Waliobaki wameamka asubuhi hii, wako nyuma."

Valeria alizunguka kibanda, akachuchumaa chini ya turubai. Kando ya vijiti vikavu, chini kabisa, vichipukizi vyekundu vilikuwa vinachungulia. Aligusa kimoja kwa kucha yenye udongo.

"Mwakani watalala tena," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Na mwaka unaofuata."

"Najua. Wakilala nitakwambia wamelala. Wakifa nitakwambia wamekufa."

Valeria alishindilia udongo kuzunguka kichipukizi, maji yakidondoka pembeni ya turubai.

"Mimi nilikuwa nasubiri unidanganye tena, useme wameamka hata kama hawajaamka," alisema. "Hukusema. Kila jioni unaandika bado."

"Kwa hiyo kaka aje kwa mama?"

Valeria alisimama, akajipangusa magoti, na sasa kile kicheko cha mwezi wa tisa kikapata njia.

"Mwambie aje. Ila ng'ombe wa mahari wafungwe mbali na kitalu."