Ndevu za Kinyozi

Hadithi hii ni ya kweli. Si kweli ya kuazima, ni kweli yenyewe, toka kichwani hadi unyayoni. Msimulizi aliisikia kwa masikio yake yote mawili. Anayebisha alete ya kwake tupime. Na kama kuna chumvi humu, basi ni ile ya kuzuia hadithi isioze. Haya, vuteni viti.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani. Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Zamani sebule ile ilikuwa ya nguo tu. Sasa kulikuwa na kitanda pia. Kitandani alilala baba mkwe wake, Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na saratani. Ilianzia kwenye tezi dume, ikahamia kwenye mifupa. Madaktari walisema wazi kwamba haitapona. Walimrudisha nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu, na nesi wa kumtembelea.

Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori. Barabara ilimjua kuliko kitanda chake. Kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia Fundi. Asubuhi alimwosha mzee, akampa uji, akamgeuza ubavu. Kisha alikaa kushona sare za shule, miguu kwenye cherehani, masikio kitandani.

"Baba, umelalaje?"

"Kama mfalme."

"Mfalme gani anasaga meno usingizini?"

"Mfalme mwenye wake wengi."

Fundi alicheka. Lakini aliona mengi. Aliona shuka limekamatwa ngumini. Aliona jasho kwenye paji la uso. Na aliona ndevu. Hizo ndizo zilizomchoma zaidi. Mzee huyu alinyoa mtaa mzima, baba na wana, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana na unywele kidevuni. Nzi akitua shavuni kwake, aliteguka mguu. Sasa ndevu zilikuwa zimemwota kama magugu kwenye shamba la mvivu.

"Nikunyoe, Baba?"

"Acha, mwanangu. Nikipata nafuu nitajinyoa mwenyewe."

Na dawa je? Dawa ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, imeviringishwa kwa kitambaa. Aliyeamuru hivyo ni Shangazi, dada yake Kinyozi. Shangazi alikaa nyumba ya tatu. Alikuwa na sauti. Akikohoa kwake, watu waliokuwa barabarani walimpa pole.

"Hiyo ni mofini," alisema Shangazi. "Ni dawa ya mwisho. Ukimpa leo, siku mbaya ikija utampa nini? Itunze. Na nikwambie jambo, mke wa mwanangu. Ukimpa akalala asiamke, ndugu watauliza ni mkono wa nani ulishika kijiko."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha. Hakuogopa kazi. Hakuogopa kinyesi wala kukesha. Aliogopa swali lile. Basi alimpa mzee kijiko pale tu alipopiga kelele. Na Kinyozi hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Nesi alikuja kila wiki. Alisimama mlangoni akauliza kwa furaha, "Mzee, maumivu vidole vingapi leo?" Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kinyozi aliinua kimoja. Nesi alishukuru, akaenda zake.

Lakini siku moja Nesi hakusimama mlangoni. Aliingia, akavuta kigoda, akakaa.

"Fundi, naomba niione chupa."

Fundi aliitoa chini ya vifungo. Nesi aliiinua mbele ya dirisha. Dawa bado ilikuwa imejaa hadi karibu na shingo ya chupa.

"Nesi, nisamehe. Mimi..."

"Hauko peke yako, dada. Kituoni kwetu tunafanya utafiti. Tuliona chupa nyingi zinarudi zimejaa, na wagonjwa wote wanasema hawajambo. Tukajiuliza, huu ni muujiza au ni uongo?"

"Mkapata nini?"

"Tukapata kwamba sehemu ya kosa ni yetu. Tulisomeshwa kupima dawa. Hatukusomeshwa kuuliza. Mtu anasimama mlangoni, nyumba nzima inasikiliza, anapaza sauti, 'Vidole vingapi?' Nani atasema kweli? Basi tumerudishwa darasani, sisi na daktari wetu. Tumekaa kwenye madawati kama watoto, tunajifunza kuuliza upya."

Akamgeukia mgonjwa. Akashusha sauti.

"Mzee, leo sianzi na vidole. Niambie, ni kitu gani unatamani kukifanya, na maumivu yanakukatalia?"

Kinyozi alijipapasa ndevu.

"Kukaa," alisema. "Nikae, nishike wembe, ninyoe uso wangu. Sitaki kuzikwa nimefanana na beberu."

Fundi alitaka kucheka. Machozi yakawahi.

"Na vidole?" aliuliza Nesi.

Mkono ulipanda polepole. Vidole vyote vitano.

"Baba! Mbona kila siku unaonyesha kimoja?"

"Nilikuwa nakuona unavyoitazama hiyo droo, mwanangu. Kama ina nyoka. Nikasema, nisimtume mtoto wa watu kwenye shimo la nyoka."

Fundi alijifuta uso kwa kipande cha sare. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni.

"Nesi, nikimpa akafa?"

"Mzee ana ugonjwa utakaomuua. Hilo hatumfichi, naye analijua. Lakini dawa hii, ukimpa kwa kipimo cha daktari, haimuui. Inamwondolea maumivu."

"Hatakuwa teja?"

"Mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo, nasi tunamfuatilia, kwa kawaida hawi teja. Siku za mwanzo atasinzia, kisha usingizi utapungua. Ila ukiona haamki vizuri, au anapumua polepole mno, usimpe nyingine. Tupigie simu hapo hapo."

"Nimpe akilia?"

"Usingoje alie. Wewe hungoji moto ushike paa ndipo utafute ndoo. Mpe kila baada ya saa nne, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Maumivu yakipanda katikati, tupigie. Usiongeze kwa kubahatisha. Na hii nyingine ya kulainisha choo mpe kila siku, maana mofini hufunga tumbo."

"Shangazi anasema tuitunze kwa siku mbaya."

"Siku mbaya ni hii. Ikihitajika, daktari atapandisha kipimo. Dawa haiishi nguvu kwa kuanzwa mapema."

"Na droo?"

"Droo ni nzuri. Ifunge kwa ufunguo, watoto wasiifikie. Lakini uifungue kwa saa, si kwa hofu."

Hapo sauti iliingia ndani. Nyuma ya sauti akaingia Shangazi.

"Nimesikia! Nimesikia yote nikiwa jikoni kwangu! Wewe binti, umekuja kumlevya kaka yangu?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Usinilainishe kwa shikamoo."

"Silainishi. Jumamosi tuna mafunzo kituoni, ya wauguzi pamoja na wanaouguza nyumbani. Njoo utuulize mbele ya watu."

"Nitakuja," alisema Shangazi. "Nitakuja niwaumbue."

Jumamosi alikuja kweli, amevaa kama wa kwenda harusini. Fundi alikaa karibu naye. Nesi alisema darasa linahitaji mtu wa kulala kitandani, awe mgonjwa wa mazoezi. Shangazi alisimama wa kwanza. Alitaka kuona hila zao kwa karibu. Akalazwa, akafunikwa shuka. Wauguzi wawili wa wodi wakasimama huku na huku, wakaongea juu ya kichwa chake.

"Wa kitanda hiki amekula?"

"Hataki kula. Mkaidi huyu."

"Anajua hali yake?"

"Ndugu wamesema asiambiwe. Na dawa wamesema asipewe."

Shangazi aliketi ghafla kama mtego uliofyatuka.

"Nyie! Mimi bado sijafa! Mbona hamniulizi mwenyewe?"

Msimulizi anasema jengo lilisogea hatua moja kutoka barabarani.

"Asante, Shangazi," alisema Nesi taratibu. "Hilo ndilo somo la leo. Na kaka yako? Nani alimuuliza?"

Shangazi alifungua kinywa. Akakifunga. Watu waliomjua walitazamana, maana jambo hilo lilikuwa geni. Kisha akamgeukia Fundi, akauliza kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Vile vidole vitano... alivionyesha kweli?"

"Alivionyesha, Shangazi."

Shangazi alijifunika shuka hadi usoni, akabaki hivyo. Hakuna aliyemharakisha.

Jioni ile walirudi pamoja. Fundi alifungua droo. Shangazi akanyoosha mkono.

"Lete kijiko. Fungu hili nampa mimi. Na ndugu wakiuliza ni mkono wa nani, waambie ni wa kwangu."

"Wa kwetu sote," alisema Fundi.

"Basi nipeni kabla hamjaanza kugombea!" alisema Kinyozi.

Siku za kwanza mzee alisinzia kama walivyoambiwa. Shangazi alimkodolea macho kifua, akihesabu pumzi. Kisha usingizi mzito ukapungua. Mzee akala. Akauliza habari za mtaa. Meno yakaacha kusaga. Fundi alitega saa ya simu yake, na ilipolia alisimama hata kama uzi uko kwenye sindano.

Asubuhi moja Kinyozi akaagiza kioo. Walimwekea mito mgongoni. Alikaa. Alipaka povu, akashika wembe, akaanza na shavu la kulia. Ilichukua muda, alipumzika mara kwa mara. Fundi alishika kioo. Povu la mwisho lilipofutwa, mzee alijitazama.

"Haya," alisema. "Tumeonana tena."

Wiki hiyo Nesi alikuja na mwenzake wa wodini, jitu la miraba minne lenye mikono kama makasia. Huyo aliona shavu la mzee akavutiwa.

"Mzee, sisi wodini tunawakata wagonjwa. Tunawanyoa kama tunamenya viazi."

"Nani amekufundisha kunyoa mtu aliyelala?"

"Hakuna."

"Kaa hapa. Kwanza, unamuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anataka kunyolewa! Kisha muulize upande gani unamuuma, usimgeuzie huko. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu, ungoje. Vuta ngozi kwa kidole. Na kioo ashike yeye, kama ana nguvu. Uso ni wake."

Habari ilifika kituoni. Wauguzi wakaanza kuja kujifunza. Ugonjwa haukuondoka, na mwili wa mzee ulizidi kupungua. Lakini hakuwa tena mtu wa kungoja kufa. Alikuwa mwalimu, na walimu hawana nafasi ya kungoja. Mumewe Fundi aliporudi na lori lake, alimkuta baba yake anamgombeza mtu kwa kushika wembe vibaya. Akakaa mlangoni, akalia kwa furaha.

Msimulizi aliiandika hadithi hii, akaja kuisoma sebuleni mbele ya wenyewe na wauguzi waliokuja darasani siku hiyo. Alifika pale ambapo foleni ya wauguzi ilifika hadi barabara kuu, na askari wakaletwa kuongoza magari. Cherehani ikanyamaza.

"Subiri hapo," alisema Fundi. "Askari gani?"

"Wa... barabarani."

"Walikuja wauguzi sita. Najua, niliazima viti."

"Na mimi sijasogeza jengo lolote!" alidakia Shangazi.

"Chumvi kidogo tu, jamani."

"Kidogo? Figo zitauma!" alisema Shangazi.

Kinyozi alikuwa amelala kwenye mito yake. Aliinua mkono, wote wakanyamaza.

"Mlazeni. Ana ndevu nzuri za kufundishia."

Msimulizi alilipia chumvi yake. Alilazwa kwenye mkeka, akapakwa povu, na lile jitu la wodini likamwinamia na wembe, huku limebana ulimi kwenye meno. Kinyozi aliamrisha, wauguzi waliandika, Shangazi alicheka mpaka akaomba maji. Shavu la kushoto likaisha salama. Jitu lilikuwa linageukia la kulia, simu ya Fundi ikalia.

"Saa ya dawa," alisema Fundi. "Mzee anywe, apumzike. Darasa limekwisha."

"Na shavu langu la pili?" aliuliza msimulizi.

"Mgonjwa kwanza," walijibu wote.

Akaenda nyumbani mchana kweupe, nusu uso laini, nusu uso msitu. Kila aliyekutana naye alimuuliza kulikoni. Alimweleza yote, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Na hakuna hata mmoja aliyemwamini.