Pedali Iliyonyamaza

Mjomba wangu Idarousse alikuwa na kawaida ya kukaa sebuleni baada ya sala ya alasiri, madirisha wazi, akisikiliza watu wakipita kwenye kichochoro cha Badjanani, mjini Moroni, Ngazija. Siku ninayoisimulia alikuwa na pedali mbili za ngoma sakafuni mbele yake, na alitaka kuamua ni ipi aende nayo kwenye harusi kule Mvouni.

Mjomba alipiga drams katika bendi ya twarab. Pedali ya kwanza ilikuwa mpya, kaletewa na rafiki yake Moindjié aliyekuja likizo kutoka Marseille: mnyororo kama wa baiskeli, springi mbili, bamba zito chini ili isitambae. Ya pili ilikuwa ya zamani, chuma kilichokwisha rangi, mkanda wa ngozi badala ya mnyororo, na nyundo iliyovikwa sufu. Aliinunua Mutsamudu, kisiwani Anzuani, ujanani, pamoja na ngoma yake kubwa, kwa Bwana Saïndou, mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, mwaka 1977 baada ya mauaji ya Wakomoro. Bwana Saïndou hakusema vitu vile vilikuwa vya nani huko. Alimwomba jambo moja tu, asivitenganishe.

Mjomba alivitenganisha. Alipohamia Ngazija, ngoma haikuenea kwenye mizigo, akaiacha Mutsamudu kwa dada yake Roukaya, mama yangu mdogo, aliyeishi peke yake. Pedali akaja nayo, maana mguu wa mpigaji huzoea pedali kama unavyozoea kiatu. Alipanga kuifuata ngoma baada ya Ramadhani. Ramadhani haijafika, Anzuani ikatangaza kujitenga. Simlaumu. Watu wengi wa visiwa hivi waliacha kitu upande wa pili wakiamini watakirudia.

Alasiri ile alifunga pedali mpya kwenye ngoma ya kuazima, akakanyaga. Ngoma ikalia vizuri, mlio mkavu, bila kusita. Kisha akafunga ya zamani. Ilikuwa laini, ikiufuata mguu. Nyundo ikaipiga ngozi, na yeye na Moindjié, aliyeketi kando, waliiona ngozi ikitikisika.

Hapakuwa na sauti.

Moindjié akacheka. "Hiyo pedali au mtego wa panya, bwana? Maana hata mtego hulia."

Mjomba akakaza springi, akageuza nyundo, akapiga mdundo mzima wa harusi. Glasi ya maji iliyokuwa juu ya ngoma ikatetemeka mpaka maji yakamwagika. Kimya. Aliendelea hivyo siku kadhaa, kila baada ya alasiri, kwa sababu mguu wake haukuitaka ile mpya. Ile ya zamani ilimjibu mguuni, alisema. Masikioni tu ndiko haikumjibu.

Asubuhi moja Roukaya akapiga simu. Huko Mutsamudu wanamgambo walikuwa wameanza kupigana wao kwa wao, na watu wamejifungia majumbani. Alizungumza kama mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Kaka, ngoma yako inalia."

Mjomba akauliza nani anaipiga.

"Hakuna. Kila siku baada ya alasiri. Mdundo wa harusi."

Wenye bunduki walikuwa wameshaanza kuuliza ni nyumba ipi inayotoa ishara, na inampa nani. Walikuwa wanapita mlango kwa mlango. Mjomba akamwambia aivue ile ngoma ngozi yake, upesi.

"Niliivua juzi," Roukaya akanong'ona. "Nikaichoma jikoni. Bado inalia."

Simu ikakatika.

Moindjié hakucheka tena. Alishauri pedali itupwe baharini. Mjomba akafika nayo mpaka ufukweni, karibu na Msikiti wa Ijumaa wa zamani, akayatazama mawimbi. Kila wimbi lingeikanyaga, na ngoma ingelia Mutsamudu. Akarudi nayo, akaifunga kamba, akaisukuma chini ya kitanda. Kwenye harusi ya Mvouni akapiga ile mpya. Watu walimsifu. Yeye alisema alijisikia kama mtu anayetembea kwa mguu wa mwenzake.

Simu hazikurudi. Hakukuwa na meli, hakukuwa na abiria wa kuulizwa, na redio ilitaja maiti bila majina. Angejuaje kama dada yake yu hai? Mwishowe aliitoa pedali, akaifunga tena kwenye ngoma. Mguso mmoja, alijiambia, hautasikika nje ya chumba. Wapo watakaosema alikosea. Mimi sijui ningefanya nini mahali pake.

Akakanyaga mara moja, polepole. Akasubiri.

Kikanyagio kikausukuma mguu wake juu. Mara moja.

Mjomba alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo, kila alasiri alikanyaga mara moja, na mara moja alijibiwa. Yu hai, alimwambia Moindjié. Yuko nyumbani, ananisikia. Siku moja akakanyaga na kusema kwa sauti, "Njoo huku kwangu. Njoo tukae pamoja."

Alijibiwa haraka kuliko siku zote.

Roukaya akaja. Alifika mchana, shiromani yake, nguo ya kujitanda, imekakamaa kwa chumvi, mkononi mfuko mmoja. Mjomba alimkumbatia, akamkalisha, akamwambia alijua tu kwamba akimwita angekuja.

Roukaya akamtazama. "Uliniita lini?"

Ikajulikana hivi. Alikuwa ameondoka asubuhi ileile simu ilipokatika. Alijificha kwa jamaa Domoni, upande wa pili wa kisiwa, mpaka alipopata boti. Nyumba aliifunga mwenyewe, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Hakuwahi kusikia mguso wowote. Hakuwahi kujibu.

"Basi nani alikuwa ananijibu?"

Roukaya alikuwa anatazama sakafuni. Pedali ilikuwa imefungwa kwenye ngoma ya kuazima. Hakuna mguu juu yake. Kikanyagio kikashuka.

Ngoma ikalia.

Kwa mara ya kwanza, palepale Moroni, waliisikia sauti ya pedali ile. Nzito. Ya karibu. Kama kitu kilichotoka mbali na sasa kimeketi.

Visiwa vilipopatana, mama mdogo alirudi Mutsamudu kufungua nyumba. Ngoma ilikuwa mahali pake, tupu, bila ngozi. Majirani walisema ilinyamaza siku moja alasiri, na haikulia tena. Walipokumbushana, ilikuwa siku ile aliyofika Moroni.

Mjomba anapiga pedali ya mnyororo mpaka leo na haizungumzii nyingine. Ile ya zamani imefungiwa sandukuni Badjanani. Nilipoomba kuiona, mama mdogo alinifungulia, akasimama mlangoni, akaniambia niigeuze.

Juu, kikanyagio kimelika kwa mguu wa mjomba, na kutu imeshaanza kuitafuna alama ile. Chini, upande ambao hakuna mguu unaoweza kuufikia, chuma kimelika vilevile: kisigino kimoja na vidole vitano, pekupeku.

Pale chini hapakuwa na kutu. Paling'aa, kama kitu kinachotumika kila siku.