Ukurasa wa Mia Mbili na Saba

Skrini ilikuwa nyekundu yote, na katikati yake maandishi meupe yalimwonya mtu kwamba tovuti anayotaka kuingia ni ya hatari, arudi alikotoka.

"Ndiyo hiyo, afande," alisema Mwalimu Odilo. "Miaka sita ya kazi yangu. Mtu akiifungua anaambiwa akimbie."

Inspekta Oliva Mtweve wa dawati la makosa ya mtandao, Njombe mjini, alisogeza kiti karibu na kompyuta. Ukungu wa Juni ulikuwa umeziba dirisha. Mzee alikuwa bado amevaa koti lake zito, kofia ameishika magotini.

"Ndani yake kuna nini?"

"Majina. Watu wa huku kwetu waliokwenda kukata mkonge Tanga enzi zile za manamba, vibarua wa mikataba, wasirudi. Mia nne na kumi na wawili. Kila mmoja ana ukurasa wake. Familia zinaniletea wanachokijua, na watu wa Tanga wananiandikia walichokiona. Makaburi thelathini na moja tumeyapata. Wazee wawili tuliwakuta hai."

Oliva alikwisha kusoma taarifa ya kitaalamu. Mtu alikuwa ameingiza ndani ya tovuti ukurasa wa hadaa, unaofanana na ule wa kufungulia barua pepe, ili nenosiri la atakayeliandika liibwe. Injini za utafutaji ziliugundua, zikaifungia tovuti nzima.

"Jumapili," Mwalimu aliendelea, "mtu niliyemfundisha darasa la tatu alinipita pale Mjimwema asinisalimie. Wanasema nawakusanyia wazee namba zao za siri. Parokia nayo imeacha kututangaza. Na wanaosubiri habari za majina haya ni watu wa miaka themanini, afande. Kila wiki tukifungiwa, mmoja anafumba macho bila kujua nduguye alilala wapi."

"Nenosiri la tovuti analo nani?"

"Mimi. Na Danford."

"Danford ni nani?"

"Fundi wangu wa kompyuta, yuko Makambako. Ndiye aliyeitengeneza, kwa kujitolea."

"Mmegombana?"

"Na Danford? Yule ni kama mwanangu. Ndiye aliyeisafisha ilipofungiwa mara ya kwanza."

Oliva aliinua kichwa. "Kumbe hii ni mara ya pili?"

"Ya pili. Aliisafisha, akaomba ikaguliwe, ikafunguliwa. Haikumaliza wiki."

Majibu ya kampuni inayotunza tovuti yalifika baada ya siku nne. Faili la hadaa liliwekwa Jumanne, saa tano na dakika arobaini asubuhi, kwa nenosiri sahihi. Aliyeingia hakubahatisha hata mara moja. Intaneti aliyotumia ilikuwa ya Makambako.

Saa hiyo Mwalimu Odilo alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho, Njombe. Kadi yake ilionyesha.

Oliva alimpigia simu Danford. Sauti ya kijana ilikuwa ya upole na haraka.

"Mwalimu anafungulia barua pepe zake kwenye kompyuta za steshenari, afande. Nenosiri limevujia huko. Nimemwonya mara nyingi."

Iliwezekana. Makambako ni njia panda. Magari ya Mbeya, Iringa na Songea yanashusha na kupakia watu pale kutwa. Mtu yeyote angeweza kukaa mgahawani dakika kumi na simu yake, kisha akapanda basi.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Alipoukagua ukurasa wa hadaa mstari kwa mstari, aliona kwamba manenosiri yaliyoibwa yalikuwa yanatumwa kwenye anwani isiyokuwepo. Hakuna aliyekuwa anayapokea.

Alimwonyesha Koplo Fidelis, dereva wake, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Huyu mwizi mjinga," alisema Fidelis.

"Si mjinga. Kila kitu kingine amekipanga vizuri."

"Basi alitaka nini?"

"Ile skrini nyekundu," alisema Oliva. "Alitaka watu wasifungue."

Nani alitaka majina ya wafu yasisomwe? Kwa swali hilo alikwenda Mjimwema.

Mwalimu Odilo alimpokea sebuleni, akamwekea chai, akatoa daftari nene lenye jalada gumu. Humo, kwa mwandiko wa mwalimu wa zamani, kila nyongeza kwenye tovuti ilikuwa na tarehe na namba ya ukurasa.

"Danford alikwambia nini alipoirudisha tovuti mara ya kwanza?"

"Kwamba nakala nzuri aliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Nyongeza za wiki hizo mbili zote zimepotea. Nikamwambia haidhuru, nitaziandika upya."

"Ulimwambia lini?"

"Jumatatu."

"Na Jumanne ikafungiwa tena."

Mwalimu alipepesa macho. Hakuwa amezifikiria siku hizo mbili kwa pamoja.

Oliva alifungua kompyuta ya ofisi yenye nakala ya tovuti, jinsi ilivyokuwa baada ya kusafishwa. "Nisomee za wiki hizo mbili."

Mzee alishika lenzi yake ya kukuzia. "Namba mia na tatu. Kaburi limepatikana Muheza."

"Ipo."

"Ipo? Si zimepotea?"

"Endelea, Mwalimu."

"Namba kumi na tisa. Jina la baba limesahihishwa."

"Lipo."

Zilikuwa nyongeza kumi na moja. Kumi zilikuwepo, nzima, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Namba mia mbili na saba. Barua kutoka Korogwe."

Oliva alitafuta, akatafuta tena. "Haipo. Hapa pameandikwa: Vitus wa Matembwe. Alifariki kwa ajali ya mashine mwaka 1962. Mtoto mmoja, Kristofa, alizaliwa baada ya baba kuondoka. Barua ilisemaje?"

"Iliandikwa na mwanamke, anaitwa Jane. Namba yake ya simu hii hapa pembeni. Sikumbuki yote, siku ile niliandika nyingi. Barua yenyewe iliingia kwa fomu ya tovuti, nayo imefutika."

Oliva alichukua simu yake, akaliandika jina la Vitus kwenye injini ya utafutaji. Tovuti ilikuwa imefungiwa, lakini injini ilikuwa bado inakumbuka ilichokisoma. Chini ya onyo ilibaki mistari miwili. Aliisoma kwa sauti.

"Vitus wa Matembwe. Hakufa mwaka 1962 kama ilivyodhaniwa. Alifariki Korogwe mwaka 2009, nyumbani kwake."

Chai ilikuwa inapoa. Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza.

"Mwalimu, Danford anaitwa Danford nani?"

Mzee aliweka lenzi chini. "Danford Kristofa," alisema. Kisha akaongeza: "Makristofa ni wengi, afande."

"Ni wengi," Oliva alikubali.

Upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha vumbi barabarani walipoegesha gari. Duka la Danford lilikuwa jembamba, limejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameinamia simu na bisibisi ndogo. Alipomwona Oliva alisimama, akamvutia kiti.

"Kwenu wapi, Danford?"

"Hapahapa Makambako, afande."

"Kwenu kabisa."

"Lupembe."

"Lupembe ni kubwa."

Danford aliweka bisibisi mezani. "Matembwe."

"Kabla sijauliza lingine," alisema Oliva, "ujue nakuhoji kama mtuhumiwa. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Babu yako mzaa baba anaitwa nani?"

Fidelis, mlangoni, alikuwa ameshafungua daftari lake. Danford alitazama nje, ambako mama mmoja alikuwa anafunika viazi vyake kwa turubai dhidi ya vumbi.

"Vitus," alisema.

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Baba yake, Kristofa, alifariki yeye akiwa na miaka minne. Alilelewa na bibi yake, Asteria. Bibi aliolewa na miaka kumi na minane. Mwaka uliofuata mume akaondoka kwenda mkonge, akimwacha mjamzito. Mtu mmoja aliyerudi alileta habari kwamba Vitus alinaswa na mashine, akafa. Asteria alikataa kuolewa tena. Wachumba walikuja, akawarudisha. Kila Novemba alimwombea mumewe misa, akafunga siku nzima.

"Nilijitolea kutengeneza tovuti kwa sababu yake," alisema Danford. "Nilitaka jina la babu liwe mahali. Mwalimu sikumwambia, asije akadhani natafuta upendeleo. Halafu Jumapili moja nafungua, nakuta barua ya Korogwe. Aliishi, afande! Miaka arobaini na saba zaidi. Alioa, akazaa, hakutuma hata salamu. Na majirani humsomea bibi kurasa hizo baada ya misa."

"Kwa nini hukuifuta hiyo moja tu, bila haya mengine?"

"Mwalimu angeuliza. Anaandika kila kitu. Lakini akiambiwa vimepotea vyote, nani atauliza habari ya kimoja?"

"Ukaweka ukurasa wa hadaa usiopeleka kitu popote."

"Sikutaka kumwibia mtu."

"Umemharibia Mwalimu jina lake."

Danford aliinamisha kichwa. "Nilidhani wataacha tu kufungua. Sikujua watamwita tapeli. Na niliposikia, nikawa nimeshachelewa. Kila siku nilisema kesho nitamwambia."

Oliva alikaa kwenye kiti alichovutiwa. Miaka michache nyuma alikuwa amemwambia mama mmoja kwamba mwanawe alikufa papo hapo ajalini, hakuhisi kitu. Haikuwa kweli. Mama yule alimshukuru, akamshika mikono, na Oliva alirudi nyumbani akiamini ametenda wema. Sasa, ndani ya duka lile jembamba, hakuwa na uhakika kwamba wema ule ulikuwa wa yule mama. Huenda alijihurumia mwenyewe, kwa kuogopa kumtazama mama yule akilia.

"Jana nilizungumza na Jane, binti wa Vitus aliyeandika ile barua," alisema. "Aliiona barua yake imewekwa, akawaita wadogo zake waje waione. Kesho yake wakakuta nyekundu. Unajua alidhani nini? Kwamba watu wa Matembwe wameisoma na wamewakataa."

Danford alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kompyuta uliyotumia iko wapi?"

"Kwa bibi. Niliipeleka wiki iliyopita."

"Tutaifuata. Upo chini ya ulinzi."

"Afande, bibi akiona polisi atauliza."

"Atauliza," alisema Oliva. "Utamjibu wewe."

Walifika Matembwe mchana, nyuma ya lori la mbao lililowatimulia vumbi njia nzima. Bibi Asteria alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anamenya viazi.

"Kamwene," Oliva alimwamkia kwa Kibena, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Danford, mbona uso wako hivyo?"

Danford alikaa chini mbele yake, akaeleza yote kwa Kibena, sauti ikimkatika. Oliva, ambaye Kibena alikinyonya na maziwa ya mama, alisimama kando na kusikia kila neno. Kisu cha bibi kiliendelea kumenya, kikapunguza mwendo, kikasimama.

"Mwaka gani ulisema?"

"2009, bibi."

"Kwa hiyo misa zote zile," alisema Asteria taratibu, "namwombea marehemu, na marehemu yuko Korogwe anakula ugali."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi alimtazama mjukuu wake.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Mwezi wa tano."

"Umekuja hapa mara ngapi tangu mwezi wa tano?"

"Mara tatu."

"Ukala."

"Nikala, bibi."

"Ukaniangalia nasali."

Danford aliokota ganda la kiazi, akaliweka kwenye mkeka.

"Ulidhani nitakufa?"

"Nilidhani utaumia."

"Nimeumia! Lakini maumivu ni yangu mimi. Wewe ulikuwa unanifichia ili iweje?" Alitupa kiazi ndani ya sufuria, maji yakaruka. "Toka hapa. Nenda na hao polisi. Ukimaliza, urudi."

Alinyanyuka kwa shida, akaingia ndani, akafunga mlango. Fidelis alichukua kompyuta kutoka chumba cha pembeni, akaiandikia hati ya ukamataji mali.

Danford aliandika maelezo ya onyo, akapewa dhamana. Mwalimu Odilo alikuja kituoni kusema amemsamehe na anataka kesi ifutwe. Oliva alimweleza kwamba msamaha wake utaambatanishwa, ila jalada la kesi litakwenda kwa mwendesha mashtaka, ambaye ataamua.

Mwalimu alimpata fundi mwingine, dada mmoja aitwaye Beatrisi. Faili la hadaa liliondolewa, manenosiri yakabadilishwa, Jane akaituma upya barua ya Korogwe, ikarudishwa mahali pake, ombi la ukaguzi likatumwa. Siku ya tatu skrini nyekundu iliondoka. Jumapili hiyo, padri alitangaza kanisani kwamba Mwalimu hakuwa na kosa lolote. Yule mtu aliyefundishwa naye darasa la tatu alimsubiri mlangoni, akamshikia mkoba hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata Bibi Asteria alikuja Njombe, amevaa kitenge kipya na sweta. Alikwenda nyumbani kwa Mwalimu na akataka Oliva naye aitwe. Walimweka mbele ya kompyuta.

"Nisomeeni," alisema. "Yote. Msiruke."

Mwalimu alisoma. Jinsi Vitus alivyougua homa mwaka wa kwanza, akahamishiwa shamba jingine, na jina lake likaandikwa miongoni mwa waliokufa. Jinsi alivyokuwa akisema atarudi akipata viatu vizuri, kisha akawa hasemi tena. Jinsi alivyowafundisha mabinti zake kuamkiana kwa Kibena, bila kuwaambia ni kwa sababu gani.

"Alifariki Korogwe mwaka 2009," Mwalimu alimalizia, "akiacha mjane mmoja, mabinti watatu na wajukuu."

Bibi Asteria aliinua mkono.

"Mjane mmoja?"

Mwalimu alisita, akamtazama Oliva.

"Andika wawili," alisema Asteria. "Uandike na majina. Huyo wa Korogwe uulize anaitwaje, na mimi unalijua langu."

Mwalimu aliivuta kibodi karibu, akainama, na kwa kidole kimoja akaanza kuandika.