Ngao ya Mgeni

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, wanafunzi wanne walibaki darasani wakaunganisha madawati mawili. Mchezo wao ulihitaji dadu moja, penseli na karatasi iliyochorwa pango. Msimulizi, msichana wa sauti nzito aliyeutunga mchezo huo, ndiye aliyeeleza yanayotokea pangoni. Mapengo, Pacha na Mgeni walikuwa wasafiri.

Mgeni hakuwa mgeni tena, maana muhula wa pili ulikuwa ukingoni. Lakini jina likishakuganda, limekuganda. Alihamia kwa shangazi yake baada ya wazazi kupata kazi mbali. Siku ya kwanza aliulizwa swali, akajibu kwa kigugumizi, darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo akajifunza kujikinga: haulizi, hajibu, na chakula chake anakula amegeukia dirishani. Hakuna aliyemcheka tena. Hakuna aliyemsemesha, vilevile. Ijumaa ndiyo siku pekee aliyosikia mtu akimwambia, "Haya, zamu yako," naye aliisubiri wiki nzima.

"Mbele yenu kuna jitu la mawe," Msimulizi alitangaza Ijumaa hiyo. "Kila pigo lake natupa dadu. Ikitoka tano, unapoteza alama tano za uhai. Kila mtu achague kitu kimoja. Upanga ni wa kushambulia. Ngao inapunguza kila pigo kwa mbili. Kukwepa, unatupa dadu, ikitoka nne au zaidi pigo limekukosa. Na Kinga ya Mwenzi, pigo la mwenzako unalipokea wewe, likiwa limepungua kwa tatu."

"Upanga!" alidakia Mapengo. Pacha naye akachukua upanga.

Mgeni akashika penseli. Alipenda hesabu kwa sababu namba hazimcheki mtu. Mapigo sita, kila upande wa dadu ukitoka mara moja, jumla yake ni ishirini na moja. Kwa ngao angepoteza kumi tu. Kwa kukwepa angepoteza kama nusu, yaani kumi na nusu. Tofauti kiduchu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Na Kinga ya Mwenzi? Angepoteza sita kwa mapigo ambayo hata hayamhusu. Hasara tupu! Akaikata kwa mstari.

"Ngao," akasema.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Jitu lilimwangusha Pacha, kisha Mapengo, na kwa sheria ya mchezo aliyeanguka hutoka mpaka Ijumaa ijayo. Wawili hao wakaenda zao uwanjani. Mgeni akabaki na uhai tele, bila upanga wa kulidhuru jitu. Msimulizi akapiga miayo.

"Basi, jitu limechoka, limeondoka. Umepona."

"Nimeshinda?"

"Umepona, nimesema. Hatukushinda." Msimulizi alikunja karatasi yake. "Sikiliza, nisikufiche. Wenzako wanasema kucheza na wewe ni sawa na kucheza na ukuta. Ikiwa hivi tena Ijumaa, kiti chako tutampa mwingine."

Mgeni alirudi nyumbani. Shangazi yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara. Alimkuta akichomelea geti, barakoa ya chuma usoni. Upepo ukaangusha bati chakavu lililosimamishwa upande wa barabara. Shangazi akazima mashine, akaenda kulisimamisha upya.

"Shangazi, si una barakoa? Bati hilo linakukinga nini?"

"Mimi? Halinikingi chochote. Linawakinga wapita njia, mwanga huu unaumiza macho."

"Basi kwako ni hasara. Linakuchelewesha tu."

Shangazi akainua barakoa, akacheka. "Nilipofungua hapa sikuwa na bati. Nilisema, macho yangu salama, wengine wajijue. Watu wakawa wanavukia upande wa pili, wamefunika nyuso. Nilishinda hapa salama salimini, bila hata wa kuniambia habari za asubuhi. Unajua upweke wewe?"

Mgeni aliujua. Machozi yakamtoka, akaeleza yote. "Sitaki wanitoe, Shangazi. Sina wengine."

"Na hesabu yako ulipiga ya nani?"

"Yangu."

"Ya wenzako je?"

Jioni Mgeni aliirudia hesabu mezani. Mapigo aliyopata Pacha aliyahesabu nani? Katika mapigo sita, Pacha angepoteza ishirini na moja. Kwa Kinga ya Mwenzi, Pacha hapotezi kitu, na Mgeni anapoteza sita. Ngao iliokoa kumi na moja. Kinga iliokoa kumi na tano! Alikuwa amejumlisha safu moja tu.

Ijumaa iliyofuata alichagua Kinga ya Mwenzi.

"Leo jua limechomoza magharibi!" Mapengo alitania.

Kila pigo lililowaelekea wenzake alilipokea yeye, nao wakalikatakata jitu kwa panga zao. Mwishowe pigo lililomlenga Mapengo likammalizia yeye uhai. Mgeni akainuka, akachukua mkoba wake. Uwanjani hapakuwa na wa kumngoja.

"We, unakwenda wapi?" Mapengo aliuliza.

"Nimeanguka. Ndiyo sheria."

"Umeanguka kwa pigo langu! Rudi utuhesabie. Nishambulie au nikimbie?"

Msimulizi akajikuna kichwa. "Sheria nimeitunga mimi, na mimi naibadili. Kaa."

Mgeni akaitazama karatasi. "Sha... sha... shambulia," akasema. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakiitazama dadu. Ilitoka sita, jitu likaporomoka, na kelele zao zikamtoa mlinzi wa shule kibandani.

Siku hiyo Pacha na Mapengo walimsindikiza hadi karakana. Shangazi alipowaona wamesimama nyuma ya bati, alizima mashine akaivua barakoa.

"Kujikinga si kosa, mwanangu," alimwambia Mgeni. "Mimi barakoa naivaa kila siku. Lakini anayejikinga peke yake hubaki peke yake. Ukipiga hesabu, mtie na mwenzako."

Kisha akachukua fagio lililoegemea ukutani, akampa. "Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fagia hapo, wenzako wapate pa kukaa."