Lori Lililokataa Kuvuta

Asubuhi ile gereji ilikuwa kama ilivyokuwa siku zote. Redio ilikoroma juu ya rafu, chai ilikuwa ikipoa kando ya spana, na fundi waliyemwita Masikio alikuwa amelala chini ya gari la mtu akijisemea peke yake. Jina hilo walimpa kwa sababu hakushika injini yoyote kabla ya kufumba macho na kuisikiliza kwanza.

Jana yake alikuwa amelifanyia sevisi lori la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliyeliendesha mwenyewe. Lilikuwa lori la petroli, la zamani, bodi limechoka lakini injini bado ina roho. Masikio alibadilisha plagi, waya zake na platini inayokatiza umeme wa plagi, akarekebisha taimingi ili kila plagi itoe moto kwa wakati wake. Lori likaondoka likinguruma kama kijana aliyetoka kinyozi.

Kabla jua halijafika utosini, likarudi. Lilikuja kwa gia ya kwanza, kwenye barabara tambarare, na watembea kwa miguu walikuwa wakilipita.

"Shemeji, umeniua," dereva alisema akishuka. "Tangu uliguse, halivuti. Nakanyaga mafuta mpaka chini, linalia tu. Kamlima kadogo kamenishinda, na gari tupu!"

"Jana lilivuta."

"Jana ni jana."

Masikio alimtazama. Shemeji alikuwa akijifuta mikono kwa tambara, anafuta na kufuta tena. Mikono yenyewe ilikuwa safi.

Akaanza pale ambapo fundi yeyote angeanzia. Alifuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye plagi yake, maana waya mbili zikibadilishana nafasi, injini hukohoa na nguvu hupotea. Zote zilikuwa mahali pake. Akachomoa plagi, zilikuwa na rangi ya kahawia, hazina masizi. Akapima platini, akarudia taimingi, akachungulia kabureta. Mwisho akamwambia shemeji akanyage mafuta, yeye akafumba macho. Injini ilipanda vizuri, bila kukohoa wala kusita.

"Injini haina kosa," alisema.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini umewaza."

Kweli alikuwa amewaza. Aliwaza kwamba shemeji amelipeleka lori kwa fundi mwingine akaliharibu, sasa anatafuta wa kumbebesha lawama. Naye shemeji, kwa jinsi alivyozikodolea macho zile plagi, alikuwa anawaza kwamba amefungiwa vitu vikuukuu. Walikuwa wamekula meza moja miaka mingi. Siku hiyo kila mmoja alimtazama mwenzake kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Wakalipeleka barabarani, Masikio kwenye usukani. Halikuvuta. Akashuka, akagusa magurudumu, akidhani breki zinabana. Breki zikibana, huchemka. Lakini zilikuwa baridi, na za nyuma zilikuwa baridi kuliko za mbele. Wakageuza. Karibu na lango la gereji akakanyaga breki. Lori halikutaka kusimama. Liliendelea kusukuma mbele, zito, mpaka bampa likakaribia ukuta.

Gari tupu halifanyi hivyo. Hivyo hufanya gari lililoshiba mzigo.

Masikio alizunguka nyuma. Kwenye bodi hakukuwa na kitu, mbao tupu na vumbi. Akainama. Springi zilikuwa zimelala kabisa, bapa, kama zimebeba kokoto. Matairi ya nyuma yalikuwa yamefura kwa chini.

"Shemeji," aliita polepole. "Umebeba nini?"

"Si unaona? Sijabeba kitu."

Dada akafika wakati huohuo, ametoka kwenye cherehani yake, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mumewe alikuwa amempigia simu kwamba ndugu yake amewaharibia gari. Alikuja na maneno mengi mdomoni. Alipomwona mdogo wake amechuchumaa nyuma ya lori, uso umempauka, maneno yakaishia njiani.

"Kuna nini?"

"Muulize mumeo alibeba nini baada ya kutoka hapa jana."

"Vitu vya watu," dereva alijibu haraka. "Walikuwa wanahama. Makabati, magodoro, basi."

"Ukashusha?"

"Vyote."

"Baba watoto," dada alisema, "mbona unameza mate?"

Dereva alitazama chini. Alipoanza kusema, ilibidi wamsogelee ili wamsikie.

"Kulikuwa na bibi. Tulipomaliza kupakia nilimkuta ameshakaa huko nyuma, katikati ya magodoro. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikajua ni mzee wao. Tulipofika wakashusha vitu, lakini yeye sikumwona akishuka. Nikamuuliza mwenye vitu, mzee wenu ameshaingia ndani? Akacheka. Akaniambia, 'Mzee wetu? Si ulikuja naye wewe? Sisi tulidhani ni mama yako.'"

Hakuna aliyecheka.

Kutoka nyuma ya lori springi ikalia, mlio mfupi, kama mtu amejisogeza ili asikie vizuri.

Dereva alirudi hatua. Masikio naye akasogea kando. Dada ndiye aliyekwenda. Alifungua mlango wa nyuma wa bodi, akaushusha taratibu, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Tumefika. Karibu ushuke."

Akangoja.

Kisha mkono wake ukashuka ghafla, kama wa mtu anayeegemewa na mwenye magoti mabovu. Springi zikapanda. Moja, halafu nyingine. Matairi yakarudi kuwa duara. Lori likainuka lote, likatulia.

Dada alibaki amenyoosha mkono hewani.

"Ana baridi," alinong'ona. Halafu vidole vyake vikafunguka polepole.

Alasiri hiyo lori lilipanda kile kilima kwa gia ya tatu. Dereva alimtumia Masikio ujumbe wa kuomba radhi, na Masikio akamjibu vizuri. Ugomvi ukaisha hapo. Lakini alipokuwa akikusanya spana zake peke yake, jambo moja lilimpiga kifuani. Tumefika, dada alikuwa amesema. Tumefika wapi?

Akageuka.

Ukutani kulikuwa na benchi la wateja, ubao mnene uliowahi kubeba watu wanne wanene bila kulalamika. Ubao ulikuwa umebonyea upande mmoja. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake aliugeuza juu chini, akaupigilia misumari upya. Mchana ulikuwa umebonyea tena, upande uleule.

Masikio alihama gereji ile na kila alichokuwa nacho, isipokuwa benchi. Sasa pale wapo washona viatu. Wateja wao husubiri wamesimama, hata wenye mizigo, hata wajawazito. Ukiwauliza washona viatu kwa nini hakuna anayekaa, wanatazamana, kisha mmoja anakuletea kiti kutoka ndani.