Bibi Mwenye Pasipoti Tisa

Teke la kwanza lilitikisa mlango. La pili liling'oa bawaba.

Shufaa aliingia ameinama, bastola yake ya Glock 19 mbele, bega likisugua ukuta. Sebule. Jiko. Chumba cha kwanza. Cha pili.

Hapakuwa na mtu.

Magodoro tisa sakafuni. Vikombe tisa mezani. Alikigusa kimoja kwa kiganja.

Chai ilikuwa bado ya moto.

"Nungu, hali?" Sauti ya Selemani, ikimwita kwa jina lake la kazi, ilimkwaruza sikioni. Selemani ndiye aliyesimamia operesheni kutoka Dar es Salaam, kwenye jengo lisilo na kibao.

"Nyumba tupu. Hawajamaliza nusu saa tangu watoke."

"Na Biubwa?"

Shufaa alivitazama tena vile vikombe tisa. Biubwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Msusi wa Mayfair, Johannesburg, mzaliwa wa Tanga. Hakuwa jasusi. Wiki tatu zilizopita Shufaa alikaa kwenye kiti chake, akasukwa, akalipa, kisha akamwomba ajibu tangazo moja la kazi. Awe chambo.

"Hutavuka mlango wa nyumba yao," alimwahidi. "Kabla hawajakutoa nje, nitakuwa nimefika."

Ilikuwa saa tano asubuhi, Turffontein, na alikuwa amechelewa.

Ukutani kulikuwa na ramani ya Laos. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, kama za darasa la kwanza:

MIMI NI MTALII. NASAFIRI PEKE YANGU. SINA MWENYEJI. NINAPENDA MAHEKALU.

Shufaa aliibandua ramani, akaikunja, akatoka mbio.

*

Thierry alikuwa tayari amewasha gari, Toyota Fortuner. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mlinzi wa zamani wa kumbi za harusi, miaka kumi na moja Johannesburg. Idara ya ujasusi ilimkodi kuendesha gari na kufunga mdomo.

"Batu wako wapi, mama?"

"Uwanja wa ndege. Kanyaga."

"Sharp."

Fortuner iliruka robo tatu ya barabara kabla Shufaa hajafunga mkanda. Robot ya kwanza, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Thierry hakuiona, au alijifanya hakuiona.

Selemani alirudi sikioni. "Tumenasa simu ya Octave. Ya asubuhi hii."

Octave. Mwenye ofisi ndogo ya safari Rosettenville, picha ya hekalu la dhahabu mlangoni. *Ziara ya kujitegemea Laos, nchi tulivu ya Wabudha, siku kumi na nne.* Vijana walidhani ziara ni jina tu la kupitia uhamiaji, na kwamba mwisho wake ni kazi ya hoteli. Mwisho wake ulikuwa kambi yenye nyaya za umeme kando ya Mto Mekong. Huko unakaa mbele ya kompyuta saa kumi na sita kwa siku, unawatapeli watu usiowajua, na ukikataa unapigwa.

"Anasemaje?"

"Vijana wako ndani ya kibasi kilichofungwa, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Wanangoja simu. Pasipoti zote tisa anazo mtu mwingine, ametangulia ndani. Dakika za mwisho, watu wakiwa wamebanana, anampigia Octave simu, vijana wanaletwa, kila mmoja anapewa yake, wanapita."

"Nani anazo?"

"Bibi yake. Amesema waziwazi. Mtafute ajuza wa Kikongo mwenye begi kubwa. Kaunta inafungwa saa sita na dakika arobaini na tano."

"Nimekupata."

Alimgeukia Thierry. "Tunatafuta bikizee. Mkongomani. Peke yake."

"Bikizee," Thierry alirudia, akaingia njia ya mwendo kasi.

*

Kapteni Rametse wa polisi alikuwa mtu mzito, mpole, asiyependa haraka. Aliwangoja chini ya saa kubwa ya ukumbi wa safari za nje.

"Siwezi kumzuia mtalii kwa sababu ni mtalii," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Nikipekua maegesho, wataona sare yangu kabla sijawaona. Watatoka, na baada ya saa tano wako Maputo. Nipe kitu mkononi, Madam. Kitu cha kushika."

"Nitakupa."

"Una dakika hamsini na tano."

Shufaa alianza kutafuta.

Bikizee wa kwanza alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa Mrundi, anakwenda Brussels kumwona mjukuu. Wa pili alikuwa mtawa wa Kikatoliki. Wa tatu alikuwa na begi kubwa, kitenge, na Kifaransa cha Kinshasa. Shufaa alimpiga kumbo makusudi, begi likamwagika: dagaa wakavu, majani ya pondu, biblia mbili.

"Huna macho?"

"Nisamehe, mama."

Saa sita kamili.

Saa sita na dakika kumi.

Jasho lilimtiririka chini ya ushungi. Alipita benchi moja baada ya jingine, akitazama mikono yenye mikunjo, mvi, fimbo. Kila ajuza aliyempata alikuwa ajuza tu.

Alijua kinachofuata wakivuka.

Miaka miwili iliyopita aliwahi kwenda Laos mwenyewe, bila kikundi, bila mwongozaji, kumtafuta kijana wa Tanga aitwaye Fahad. Siku mbili juu ya mashua ndefu ya Mekong, magoti kidevuni, kati ya magunia ya mchele na kuku. Mabasi yaliyosimama kila mlima. Hakuona Mwafrika mwingine. Watu walimtazama ushungi, wakacheka kwa aibu, wakamsogezea kikapu cha wali wa kunata ale kwa vidole. Alfajiri watawa waliovaa rangi ya chungwa walipita peku, mmoja nyuma ya mwenzake, na wanawake waliopiga magoti wakawatilia wali kwenye bakuli bila neno. Mkuu wa hekalu moja alimruhusu alale upande wa wanawake, akamwonyesha kwa kidole mahali pasafi pa kuswalia.

Ilikuwa nchi ya watu wema. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na ile kambi.

Alikaa ukingoni siku nne na darubini. Siku ya tatu alimwona Fahad dirishani, amekonda, kichwa kimenyolewa. Siku ya nne dirisha lilizibwa kwa mbao.

Alirudi peke yake. Mama yake Fahad hakumuuliza kitu. Alimkaribisha chai tu.

"Nungu." Selemani. "Dakika thelathini na mbili."

"Najua kusoma saa!"

"Umemwona?"

"Sijamwona! Hayupo!"

Alisimama katikati ya ukumbi. Mahali fulani huko nje kwenye maegesho, kati ya magari maelfu, Biubwa alikuwa anahesabu dakika na kungoja mtu aliyemwahidi.

Thierry alikuja mbio kutoka upande wa pili, anahema.

"Mama Shufaa, nimeangalia bikizee yote ya hapa. Mpaka mmoja amenipiga na fimbo. Huyu kizee ni wa nani, kabisa?"

"Bibi yake Octave."

Thierry alisimama wima.

"Sema tena?"

"Octave amesema pasipoti ziko kwa bibi yake."

"Yeye Octave, na mdomo yake, amesema *bibi*?"

Shufaa aligusa simu, akacheza sauti iliyonaswa. Octave alizungumza kwa furaha, kama mtu anayekula: *Mapasporti yote iko na bibi yangu. Bibi yangu njo atabeba.*

"Eish!" Thierry alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Kwetu Lubumbashi bibi si mama ya mama yako! Bibi ni muke! Muke wa ndoa! Kizee tunaita kambo!"

Shufaa aliizima ile sauti.

Wiki sita Johannesburg. Digrii mbili. Jengo zima la wachambuzi Dar es Salaam. Na dereva aliyekuwa anajua hakuruhusiwa kusikia.

"Unamfahamu?"

"Murielle? Nililinda mulango ku arusi yao. Nilikula keki yao!" Macho ya Thierry yalikuwa tayari yanazunguka ukumbi. "Mama, nimemuona. Nimemuona tangu tumeingia. Nilimusalimia hata."

Alinyoosha kidevu.

Nguzo ya tatu. Mwanamke wa miaka thelathini, suruali ya jeans, miwani ya Ray-Ban juu ya wigi la bei. Mtoto wa miezi minane kifuani. Kando ya mguu, mfuko wa mtoto. Juu ya mfuko, pakiti kubwa ya Pampers.

Simu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Nenda maegesho," Shufaa alisema. "Kaa karibu na mlango wa kutokea. Ukimwona Octave, mzibie."

"Na weye?"

"Mimi ni mama wa watoto watatu. Niache."

*

Hakumkimbilia. Alimwendea kwa mwendo wa shangazi aliyekuja kumsindikiza mtu, akainama juu ya mtoto, akanusa, akakunja uso.

"Dada. Mtoto amechafuka."

"Hapana, mama. Iko muzuri."

"Muzuri gani? Harufu inafika kaunta." Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Shufaa akaongeza sauti. "Utamsafirisha hivyo, na joto hili? Atababuka! Njoo, chumba cha kubadilishia ni hapa."

Tayari alikuwa ameubeba mfuko.

Murielle aliganda. Watu walikuwa wanamtazama, mama mzima asiyetaka kumbadilisha mwanawe.

"Ni haraka," alisema, akamfuata.

Mlango ulijifunga nyuma yao. Meza ya plastiki. Sinki. Kioo. Murielle alimlaza mtoto. Shufaa alimvua nepi iliyojaa, akamfuta, akanyoosha mkono bila kutazama.

"Toa pampasi."

Murielle aliusogeza mkoba wake karibu.

"Nimesema toa pampasi, dada."

"Zimeisha."

"Zimeisha? Pakiti imejaa mpaka inapasuka."

Macho yao yalikutana kwenye kioo.

Murielle alikuwa mwepesi. Mkono uliingia kwenye mkoba, ukatoka na kifaa cheusi kidogo, cheche za buluu zikilia mbele yake. Shufaa alipinda. Umeme ulimpata begani.

Mwili mzima ukawa mbao.

Alianguka, na katika kuanguka akaivuta pakiti. Ikapasuka. Pasipoti zilimwagika sakafuni pamoja na mikataba ya kazi iliyopigwa muhuri, za kijani, za buluu, moja baada ya nyingine. Murielle alipiga magoti kuzikusanya. Lilikuwa kosa. Shufaa alimpiga mtama wa kifundo kwa mguu wake mmoja uliokuwa bado unasikia amri. Murielle alijigonga sinki, kifaa kikateleza chini ya meza.

Mtoto alianza kulia.

Shufaa aliinuka kwa kushika ukuta. Aliweka kiganja kifuani mwa mtoto asiviringike. Kwa mkono wa pili alivua ushungi, akabaki na kilemba cha ndani, akaukunja ule ushungi pembe tatu, akamfunga mtoto nepi. Vidole vilikuwa vinaruka vyenyewe.

"Simama, Murielle."

Kusikia jina lake, yule mwanamke alimgeukia, kisha akainuka akiushika ukingo wa sinki.

Simu ililia sakafuni. OCTAVE.

"Sikiliza, nitasema mara moja," Shufaa alisema. "Usipopokea, anaondoka. Anavuka mpaka na vijana tisa. Wewe unabaki hapa na pasipoti zao, mikataba yao, na mtoto. Miaka yote atakayopaswa kufungwa yeye, utafungwa wewe. Alikupa ubebe kwa sababu gani, unadhani? Kwa nini hazipo mfukoni mwake?"

Mlio wa tatu.

Wa nne.

"Ataniua," Murielle alinong'ona.

"Akikamatwa, hataweza."

Mlio wa tano. Bastola ya Shufaa ilikuwa imebaki garini, hakuwa na ruhusa ya kumkamata mtu nchi hii, na bega lake lilikuwa limekufa. Alikuwa na ombi tu.

"Kuna binti mle ndani ya gari. Nilimwingiza mimi. Tafadhali."

Murielle alimtazama mwanawe. Akaokota simu.

"Allô? Ndiyo. Niko tayari." Sauti haikutikisika. "Balete batu."

*

Saa sita na dakika thelathini na nane, Octave aliingia mlango wa kioo, tai ya hariri, tabasamu la mtu wa kanisani. Nyuma yake vijana tisa, mabegi tisa ya buluu mgongoni. Wote walitazama sakafu. Biubwa alikuwa wa saba.

Kapteni Rametse alikunja gazeti alilokuwa hasomi. Mkononi alikuwa na pasipoti tisa alizopewa na Shufaa.

Octave aliziona.

Alikimbia.

Alifika kwenye kibasi, akarukia usukani, akarudi nyuma kwa kishindo. Chuma kiligonga chuma. Fortuner ilikuwa imemziba. Thierry aliketi juu ya boneti, miguu inaning'inia.

"Patron, unaenda wapi? Ndege iko huku."

Polisi wanne walimfikia kabla hajapata jibu.

"Nungu, ripoti." Selemani, sauti imekauka.

"Vijana tisa. Wote wapo, hawajapanda ndege. Mkuu wa mtandao mikononi mwa polisi, mikataba ipo."

"Alhamdulillahi. Yule ajuza alikuwa wapi?"

Shufaa alichomoa kisikilizi sikioni, akakitia mfukoni.

Biubwa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mizani ya mizigo, amejikumbatia. Shufaa alimsogelea. Yule binti aliinuka, akamzaba kofi.

Lilikuwa kofi la kweli. Rametse alianza kuja. Shufaa alimzuia kwa mkono.

"Ulisema sitavuka mlango," Biubwa alisema. "Nimevuka miwili, Bi Shufaa. Miwili. Mle garini Octave alituambia tukipiga kelele anatuchoma moto humo humo."

"Nilikosea."

"Basi tu? Ulikosea?"

"Nilikosea, na ungeenda, nisingeweza kukurudisha. Sina neno zuri zaidi ya hilo."

Biubwa alilia, kisha akaacha, kisha akapangusa pua kwa mkono wa fulana. Kwenye ubao, ndege yao ya kupitia Bangkok iliandikwa *imefungwa*.

"Siku kumi wametukaririsha," alisema mwishowe. "Mahekalu, watawa, mto. Nimeijua nchi nzima kwa kichwa. Ipo kweli, au nayo walituongopea?"

"Ipo."

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana. Wali wao unanata, unakula kwa vidole. Nenda siku moja." Shufaa alifungua kiganja chake cha kushoto, akamkabidhi pasipoti ya buluu iliyopinda kona, aliyorudishiwa na Rametse. "Nenda mwenyewe. Na hii usimpe mtu akushikie."

Aligeuka, akajifunga kilemba vizuri, akatoka nje kwenye jua la mchana, bega moja likiwa chini kuliko jingine.