Lipiko la Mzee Majaliwa

Meza ya darasani ilikuwa tupu. Picha za matikiti maji zilikuwepo ukutani, redio kaseti ilikuwepo, hata rangi za bei mbaya zilikuwepo. Kilichoibwa ni lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani wakati wa ngoma, pamoja na kitambaa cha meza.

Inspekta Julia, aliyefika Chilangala kutoka Masasi kwa pikipiki yenye kikohozi, alimgeukia mwalimu Gasper.

"Lilikuwa la nani?"

"La Mzee Majaliwa. Aliniazima jana mchana kwa onesho la leo saa nane."

"Onesho la nini?"

"Maisha ya Tamayo, mchoraji wa Meksiko. Yatima, aliishi kwa shangazi muuza matunda. Ndiyo haya matikiti. Ujanani aliajiriwa makumbusho kuchora sanamu za mababu zake, zikamkaa mkononi mpaka uzeeni. Nilitaka watu waone kwamba na sisi tunazo." Akaitazama meza. "Afande, tangu biashara iachiwe huru, pikapu za wanunuzi wa vinyago zinapita kila wiki. Watasema nimeliuza. Nitaishi vipi hapa?"

Julia alikagua mlango. Haukuvunjwa, kwanza ulikuwa haufungiki. Lakini mwizi gani anaacha redio na kubeba kitambaa? Huyu alikuwa na heshima zake.

Wakamkuta Majaliwa barazani akibangua korosho. Mkewe, Magdalena, alikuwa akitwanga nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Lipiko lako limeibwa."

"Lo, dunia imeharibika." Akaendelea kubangua.

"Hujauliza nani kaliiba."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hayo haambiwi mwanamke."

"Basi mwambie Inspekta."

Mzee akasikiliza mchi wa mkewe, kisha akashusha sauti.

"Nililichukua mimi. Lipiko linaazimwa likachezwe, au kuna kazi nyingine? Nikalikuta limelala mezani, halina mtu ndani, na mabenchi ya kina mama yamepangwa mbele yake! Wao wanajua ni mzimu unaokuja. Miaka thelathini namficha mke wangu kwamba ninayelivaa ni mimi. Kumkemea mwalimu nikaona haya, basi nikalifunika, nikaondoka nalo."

Gasper alishusha pumzi kwa furaha, kisha akainamisha kichwa.

"Kosa ni langu, baba. Yule wa Meksiko alizikuta za kwao zimeshawekwa makumbusho. Mimi nimechukua lenye mchezaji, nikaliweka mezani."

"Na saa nane atalicheza nani?" Julia aliuliza, akimtazama mzee.

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Saa nane lipiko liliingia uwanjani likirukaruka. Kina mama wakakimbia, wakarudi, wakapiga vigelegele. Magdalena, aliyeshangilia kuliko wote, akamwinamia Julia sikioni.

"Mzimu huu goti lake la kushoto ni bovu. Tangu tuoane nalikanda kila baada ya ngoma."

"Na hujamwambia?"

"Nimnyime raha yake? Andika yote, mwanangu, hilo liache."

Jioni, Julia akafunga jalada kwa mstari mmoja: Mali imepatikana, aliyeivaa hajatambuliwa.